Re: Kipa wa Championship asubiri kustaafu ndipo asomee ukocha?

Mkuu, huyo kipa wa Championship (ligi iliyo chini ya Ligi Kuu Tanzania) asisubiri kustaafu, hasa kama ana miaka 33 kama ulivyosema. Leseni za ukocha za CAF (Shirikisho la Soka Afrika) hupandwa ngazi kwa ngazi (D, C, B, A, kisha Pro), kwa hiyo aulizie TFF (Shirikisho la Soka Tanzania) kozi ya chini sasa, huku akiwanoa makipa wa timu ya vijana.

Makocha wengi huharibu kwa kufundisha kama walivyofundishwa: mashuti 100 mfululizo. Miguu ikichoka, kijana huanza kuangukia nyuma badala ya kuufuata mpira kwa mbele, na kosa linageuka mazoea. Mashuti 6 hadi 8, apumzike dakika moja, arudie mara 4. Inatosha kabisa.

Na awazoeze kuhesabu: tangu 2025, kipa akiushika mpira zaidi ya sekunde 8, ni kona.