Muulize Shangazi: Mchicha umekufa, na wikiendi ndefu hiyo inakuja

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, tunaishi Reading, Uingereza. Pasaka ya mwaka jana nilichimba kipande nyuma ya nyumba, nikamwaga mbegu za mchicha, nikamwagilia asubuhi na jioni kama tulivyofanya kwetu Muheza. Wiki tatu, kimya. Baadaye vikaota vimche kama kumi, vyekundu, vimejikunyata, halafu vikatoweka. Jirani mmoja mzee akachungulia juu ya uzio, akasema tu: mapema mno.*

*Mke wangu analea wazee, zamu za usiku. Wikiendi ndefu ya mwanzo wa Mei anatoka kazini Jumapili alfajiri, harudi mpaka Jumanne. Anataka tushinde nyumbani. Watoto (miaka 12, 8 na 4) wanataka pwani. Mama mkwe yupo nasi tangu Machi, na kila siku anauliza watu gani hawa wana ardhi na wananunua mboga. Nifanyeje na siku hizo, na mchicha je?*
*Baba Watatu, Reading*

Marahaba, mwanangu. Mama mkwe kasema kweli, na jirani kasema kweli. Nianze na jirani.

Mchicha hauogopi Uingereza, unaogopa udongo wa baridi. Mbegu yake huamka vizuri udongo ukishafika nyuzi 18 au 20, na wakati wa Pasaka ardhi ya huku ni sakafu ya saruji alfajiri. Kumwagilia kwako asubuhi na jioni kulizidi kuipoza. Kipimo changu hakina gharama: saa mbili asubuhi weka kiganja kwenye udongo, hesabu mpaka hamsini. Ukitamani kukiondoa, mbegu nayo iache kwenye pakiti.

Usijione mjinga. Mimi ni mtoto wa Lushoto, nimekulia kwenye kabichi na ukungu, nikadhani baridi naijua. Mwaka wangu wa pili hapa Coventry jua likawaka siku nne mfululizo mwishoni mwa Aprili, nikatoa nje miche yote ya maharage na maboga. Usiku wa siku ya nne mbingu ikatakata, nyota tele, upepo umetulia. Basi ujue hizo ndizo dalili za sakitu, ile barafu nyembamba inayolala kwenye majani. Saa tano usiku nikashtuka, nikatoka na gauni la kulalia na khanga mbili mkononi. Zilifika nusu ya tuta. Asubuhi nusu iliyolala chini ya "Mgeni njoo mwenyeji apone" ilikuwa imesimama. Nusu ya pili ilikuwa nyeusi, imelegea kama mlenda wa jana. Tangu siku hiyo mboga za kwetu hazitoki nje kabla Mei haijaelekea ukingoni.

Na hapo ndipo serikali ya huku imekusaidia bila kujua. Mei ina wikiendi ndefu mbili, Jumatatu ya kwanza na Jumatatu ya mwisho. Ya kwanza ni ya viazi mviringo. Ya mwisho ndiyo ya mchicha. Ukizichanganya, utaniandikia tena mwakani.

Viazi, basi. Waingereza wengi wa zamani walikuwa wakivipanda Ijumaa Kuu, lakini mwanzo wa Mei hujachelewa. Nunua viazi vya mbegu, si vya kupikia, maana vile vya mbegu vimekaguliwa magonjwa. Chimba mfereji wa kina kama kiganja kilichonyooshwa, panga kiazi kwa kiazi, hatua fupi ya mtoto katikati, macho yaelekee juu, fukia. Majani yakitokeza, vuta udongo uyapandishie tuta, kwa sababu kiazi kikiona jua kinageuka kijani na hakiliwi. Ukichagua aina ya mapema, mwishoni mwa Julai mtachimbua. Huna nafasi? Ndoo kubwa yenye matundu chini inatosha viazi viwili.

Mpangilio wa siku sikupi, hiyo ni nyumba yako. Ila nina masharti mawili. La kwanza, Jumapili mke wako analala. Mashine ya kukatia nyasi usiiwashe kabla ya saa nane mchana, na watoto wapeleke upande wa mbali na dirisha lake. Nimeona ndoa zikitikiswa zaidi na mashine ya nyasi kuliko na pesa. La pili, mama mkwe usimpe kiti cha kutazamia, mpe kazi. Trei ya miche, udongo laini, na dirisha la jikoni linalopata jua. Mbegu za mchicha ni vumbi, kwa hiyo achanganye na mchanga mkavu kabla ya kunyunyiza, vinginevyo zitaota zote mahali pamoja kama abiria wa daladala. Mbegu za maboga ziingie mbili mbili kwenye vikombe. Kufika ile Jumatatu ya mwisho miche ina majani manne, mnaizoesha nje mchana na kuirudisha ndani usiku kwa wiki moja, ndipo mnaipanda. Wiki chache baadaye anachuma mwenyewe, na lile swali lake limekwisha.

Kuhusu mbegu: usimtume mtu akuletee kwenye sanduku. Mbegu za kupanda kutoka nje zinadai cheti cha afya ya mimea, na uwanja wa ndege wanazichukua. Nenda kwenye maduka ya Wajamaika uulize *callaloo*. Kwao hilo ni jina la mchicha, pakiti unaikuta kwenye kibanio karibu na unga wa ndizi.

Watoto. Wa miaka minne mpe keni ndogo ya maji na kipande cha tope ambacho hakuna mtu atamkemea juu yake. Wa minane apande figili, mstari wake mwenyewe wenye jina lake, kwa sababu figili huota ndani ya wiki na huliwa ndani ya mwezi, na mtoto wa umri huo hana subira ya zaidi. Huyo wa 12 ndiye kazi. Ukimwita kupalilia atakuja na simu. Mkabidhi jiko la mkaa: Jumatatu jioni nyama ni yake, kuwasha, kugeuza, kukata, na wewe ukae mbali hata akiunguza. Wangu aliunguza kuku watatu kabla hajapata mkono, na leo ndiye tunayemtafuta kila sikukuu.

Pwani waahidi Agosti. Kutoka Reading siku kama hiyo mngeshinda barabarani.

Na kwa sababu jua la Mei huku linazama kama saa mbili na nusu usiku, hawatalala mapema hata ufanyeje. Usigombane nao. Tandikeni mkeka kwenye nyasi, bibi yao apige simu Muheza awaonyeshe tuta. Kule itakuwa yapata saa nne na nusu, wakubwa bado hawajalala.

*Shangazi, konokono wale wasio na gamba wamenimalizia lettusi. Watu wananiambia niwatege kwa bia kwenye kikopo. Kwetu bia haiingii nyumbani. Kuna dawa?*
*Mama Mwanaisha, Leicester*

Dawa za zamani zenye metaldehidi zimepigwa marufuku bustanini tangu 2022, kwa ajili ya ndege na kalunguyeye wanaokula hao konokono. Ukikuta kopo la zamani bandani usilitumie. Bia nayo achana nayo. Kula balungi, maganda yake mawili yafunike juu ya udongo jioni kama bakuli zilizopinduliwa. Alfajiri funua, utawakuta wamejibanza humo. Mimi huwatupa mbali, mume wangu huwapa kuku wa jirani. Na kama una watoto, wape tochi saa nne usiku na senti moja kwa kila konokono. Weka kikomo cha malipo kabla hawajatoka. Mimi sikuweka.