Maswali ya Wasomaji: Spinaka Kwenye Mashua Ndogo

SWALI: Mimi na mdogo wangu tumenunua mashua ya 420 (mashua ndogo ya watu wawili) iliyokwishatumika. Spinaka, lile tanga kubwa jepesi la upepo wa nyuma, imo ndani ya mfuko, lakini kamba zake zote zimevuliwa na hatuna wa kutuonyesha zinapita wapi. Tuanzie wapi? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Anzieni ufukweni, ndugu zetu. Matatizo mengi ya spinaka hutengenezwa nchi kavu, na baharini yanajitokeza tu. Wekeni mashua juu ya mkokoteni wake, tezi (nyuma ya mashua) ielekee upepo unakotoka, na upepo wenyewe uwe mdogo. Tanga kuu lisitwekwe, yaani lisipandishwe.

Kwanza henza, yaani kamba ya kupandishia tanga. Kapi yake iko mbele ya mlingoti, juu ya mahali unapofungwa waya wa mbele. Henza ishuke kutoka hapo ikiwa mbele ya kila kitu, isizunguke waya wala kupita nyuma ya tanga la mbele. Kamba ya unene wa milimita 4 au 5 inatosha.

Kisha kamba mbili za pembe, unene wa milimita 6. Kwa 420 watu wengi hutumia kamba moja ndefu isiyokatika katikati, ya mita 13 hadi 15 hivi. Msikate kabla ya kupima kwenye mashua yenyewe. Ncha moja ifungwe kwenye pembe ya spinaka, ipite nje ya waya wa ubavuni, iende hadi kapi ya pembeni kule tezi, iingie ndani, irudi mbele kwa baharia, yaani yule asiyeshika usukani. Ivuke hadi ubavu wa pili, irudi tezi kwenye kapi ya huko, itoke nje, ipite nje ya waya wa ubavuni, izunguke mbele ya waya wa mbele, ndipo ifungwe kwenye pembe ya pili. Mkishakumbuka neno “nje” mmemaliza nusu ya kazi: nje ya waya, nje ya tanga la mbele, nje ya kamba za tanga la mbele. Kamba ikipita ndani ya waya wa ubavuni, spinaka itapanda vizuri tu, halafu itakataa kufunguka, na hamtaweza kurekebisha bila kuishusha.

Kwenye pembe fungeni kitanzi kidogo kisichojikaza. Kitanzi kirefu huizuia pembe isifike kwenye ncha ya mti, na spinaka inayumba.

Uko pia mti wa spinaka, unaoishikilia pembe nje. Ncha yake moja hushika pete iliyo mbele ya mlingoti, na nyingine hushika kamba ya joshi, yaani ya upande unakotoka upepo. Una kamba ya kuuinua na ya kuushusha. Mti uwe juu ya kamba ya tanga la mbele, usinase chini yake. Hilo ni kosa la kila wiki kwa wanaoanza.

Sasa tweka palepale mchangani, mmoja akishikilia mashua isipinduke. Ikijaa bila kugusa kitu, tua (ishushe), pakia, tweka tena kutoka ubavu wa pili.

SWALI: Kila nikitweka spinaka inajisokota katikati. Juu inajaa, chini inajaa, kiuno kimekazwa. Nimebadilisha kamba lakini wapi! *Msomaji, Kilifi*

JIBU: Kamba hazina hatia. Tazama unavyopakia. Shika kichwa cha tanga, ufuate ukingo mmoja kwa vidole hadi kwenye pembe, usiuachie njiani. Rudi kichwani, ufuate ukingo wa pili vivyo hivyo. Washonaji wengi huweka utepe mwekundu ukingo wa kushoto na wa kijani ukingo wa kulia, kwa hiyo rangi zikikutana kabla ya pembe, umeshasokota. Ukimaliza, sukumia kitambaa cha katikati ndani ya mfuko kwanza, uache kichwa na pembe mbili zikichungulia juu, kila moja mahali pake.

Sababu ya pili ni kutweka polepole. Upepo unaingia chini kabla kichwa hakijafika juu. Katika 420 mshika usukani ndiye anayevuta henza, usukani ukiwa kati ya magoti, naye avute kwa mikono mirefu bila kusimama. Baharia azitenganishe pembe mapema. Zikikaa pamoja lazima tanga lijizungushe. Ikiwa imeshasokotana, jaribu kuvuta kwa nguvu ukingo wa upande wa demani (upande unakokwenda upepo) kuelekea chini. Ikigoma, tua. Kuendelea kusafiri nayo hivyo kunakaza fundo tu. Kiungo kinachozunguka, kikiwekwa kati ya henza na kichwa, husaidia pia.

SWALI: Tukienda na upepo wa nyuma kabisa mashua inalala kushoto, inalala kulia, mwisho tunapinduka kuelekea upepo unakotoka. Je, spinaka ni kubwa mno? *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Ukubwa ni uleule wa 420 zote: spinaka ni mita za mraba 9, wakati tanga kuu na la mbele kwa pamoja ni kama 10. Yaani unakaribia kuongeza matanga mara mbili, na lile la ziada linaning’inia juu, mbali na uzito wenu.

Mnapinduka kuelekea joshi kwa sababu spinaka imeachiwa izunguke hadi upande huo. Vuteni kidogo demani, yaani kamba ya pembe ya upande wa demani, mpeleke mti mbele, mshushe kamba ya joshi karibu na waya wa ubavuni kwa kamba fupi ya kuibana. Msipandishe ubao wa chini wote. Acheni nusu ndani ya maji. Kazeni kamba inayovuta chini mti wa tanga kuu. Na msiende na upepo wa nyuma moja kwa moja, uchukueni begani, yaani utoke nyuma kwa upande. Mashua ikianza kulala upande wa joshi, elekeza omo (mbele ya mashua) kidogo kuelekea upepo, hadi chombo kirudi chini ya mlingoti wake.

Ikilalia upande wa demani dawa ni kinyume: baharia aachie demani mara moja, tanga lipige, kisha mshika usukani aielekeze mashua kufuata upepo. Asisubiri.

Kwa kawaida, demani inaachiwa mpaka ukingo wa joshi uanze kujikunja, kisha inavutwa kiasi cha kiganja. Baharia asiondoe macho kwenye ukingo huo. Pembe mbili ziwe usawa mmoja. Ya joshi ikiwa juu, shusha mti.

SWALI: Mti wa spinaka unahamishwaje wakati wa kugeuza mashua upepo ukiwa nyuma? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Mshika usukani aweke upepo nyuma kabisa, mashua itulie. Baharia atoe ncha kwenye mlingoti, aishikishe kamba ya joshi mpya, ausukume mti nje upande huo, aachie ncha ya zamani, aitie kwenye pete. Akianza kwa kuachia ya nje, mti utampiga.

SWALI: Naweza kuweka spinaka kwenye ngalawa yangu? *Msomaji, Bagamoyo*

JIBU: Hatushauri. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, inapita mbele ya mlingoti, palepale spinaka inapohitaji nafasi, na mlingoti wa ngalawa hauna waya za kuustahimilisha ukivutwa mbele kutoka kileleni. Kwa upepo wa nyuma, legeza demani ya tanga lako ulifungue zaidi. Ukitaka mwendo zaidi, tumia tanga lingine la kitambaa chepesi kwenye foromali ileile.