Rangi kufifia kabla taa haijawashwa
Katika jaribio lako la kusafisha maji yenye rangi kwa unga wa titani dioksaidi, kichocheo kinachovunja rangi kikipata mwanga, umeuliza kwa nini methilini buluu, rangi ya majaribio, ilififia kabla hujawasha taa. Hapo kichocheo hakijaanza kazi. Rangi imenata tu kwenye chembe za unga huo. Koroga gizani kama nusu saa hadi kipimo cha rangi majini kitulie, ndipo uwashe taa na uanze kuhesabu muda. Bila hivyo utakisifu kichocheo kwa kazi ya sponji.

Taa nayo iangalie. Titani dioksaidi ya anatasi, mojawapo ya maumbo yake ya fuwele, huamshwa na urujuanimno, yaani mwanga wenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 387 kushuka chini, na kwenye jua mwanga huo ni asilimia chache tu. Kwa balbu ya kawaida, huenda rangi inajivunja yenyewe kwa kunyonya mwanga. Weka pia bika lenye rangi lakini lisilo na unga ulinganishe.

Halafu maji kuwa maangavu si maji kuwa safi, na hapa wengi hujidanganya. Kinachovunjika kwanza ni sehemu ya molekuli inayobeba rangi. Vipande vyake vinaweza kubaki, na rangi za azo, zenye atomi mbili za nitrojeni zilizoungana, zinaweza kuacha amini, misombo ya nitrojeni, zenye sumu. Pima pia kaboni ogani yote iliyobaki, yaani kaboni iliyo kwenye vipande hivyo.