Lita za Kioo na Lita za Maji: Namna ya Kupima Tangi la Samaki

Samaki wangu walipopata ugonjwa wa madoa meupe, nilifuata maelekezo ya chupa ya dawa bila kupunguza wala kuongeza: mililita 1 kwa kila lita 20 za maji. Tangi nililinunua likiwa na karatasi iliyosema lita 180, kwa hiyo nikavuta mililita 9 kwa bomba la sindano, nikazimimina, nikaenda kulala. Asubuhi niliwakuta samaki wamejipanga juu, midomo ikigusa uso wa maji, mashavu yakienda mbio. Nilibadilisha nusu ya maji papo hapo na kuwasha pampu ya hewa. Wengi walipona, lakini wawili hawakufika jioni. Dawa ile ilikuwa na formalini, ambayo hupunguza oksijeni majini hata ikitumiwa kwa kipimo sahihi, nami nilikuwa nimezidisha kipimo kwa theluthi nzima, kwa sababu tangi la lita 180 halikuwa na lita 180 za maji.

Kanuni yenyewe ni ile tuliyofundishwa shuleni: zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000 upate lita. Tangi langu lina urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45, na hesabu hiyo inatoa lita 182, ambazo bila shaka ndizo zilizoandikwa kwa kukadiria kwenye karatasi. Kasoro ni kwamba vipimo hivyo ni vya nje. Vimehesabu unene wa vioo, na vimehesabu nafasi iliyo juu ya maji, ambayo hakuna mfugaji anayeijaza hadi ukingoni isipokuwa anataka kuwaokota samaki sakafuni.

Chukua futikamba upime ndani. Vioo vyangu vina unene wa milimita 8, hivyo urefu wa ndani ni sentimita 88.4 na upana 43.4, na kutoka kioo cha chini hadi mahali maji yanapoishia ni sentimita 39.2 tu, kwa kuwa huacha sentimita 5 wazi juu. Ukizidisha na kugawanya, lita 182 zimekuwa 150. Lita zaidi ya 30 zimepotea kabla hata ya kuweka punje moja ya changarawe.

Changarawe ndiyo inayowachanganya wengi, na mimi ilinichanganya. Tabaka la sentimita 5 ndani ya tangi langu lina ujazo wa lita 19, lakini si haki kuzitoa zote, kwa maana kati ya punje na punje kuna maji. Nilitaka kujua ni kiasi gani, nikachukua jagi lenye alama, nikalijaza changarawe kavu hadi mstari wa lita 1, kisha nikamimina maji polepole huku nikiligonga kwa kidole ili mapovu yatoke. Yaliingia mililita 400 hivi ndipo maji yakafika kwenye mstari. Maana yake ni kwamba mawe yenyewe yalikuwa asilimia 60 ya ujazo ule, kwa hiyo tabaka langu linafukuza maji lita 11.5, si 19. Changarawe yako inaweza kutoa jibu tofauti kidogo, na jaribio halichukui hata dakika tano.

Mawe makubwa ni rahisi zaidi. Yaweke kwenye ndoo, mimina maji hadi yafunikwe, chora mstari, yatoe, kisha hesabu ni maji kiasi gani yanahitajika kurudisha kimo kwenye mstari. Yangu, yenye uzito wa kilo 10, yalichukua nafasi ya lita 3.8. Baada ya kutoa vyote hivyo nilibaki na lita 135, na hapo nikaelewa vizuri kilichowapata samaki wangu: kipimo chao kilikuwa mililita 6.75, si 9.

Hata hivyo hesabu ni hesabu, na kama unaanzisha tangi jipya, au unalisafisha lote, njia ninayoiamini kuliko zote ni kuhesabu ndoo wakati wa kujaza, changarawe na mawe yakiwa tayari ndani. Usiiamini ndoo kwa jina lake. Ndoo inayoitwa ya lita 10 mara nyingi hufikisha lita hizo ikijaa hadi ukingoni, na hakuna anayebeba ndoo iliyojaa hivyo pasipo kulowesha miguu. Niliiweka yangu kwenye mizani ikiwa tupu, ikawa nusu kilo, nikaitia maji hadi mizani iliposoma kilo 8.5, nikachora mstari kwa kalamu isiyofutika. Kwa kuwa lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, mstari ule ni lita 8. Mara ya kwanza nilipotea katika kuhesabu nilipofika ndoo ya tisa au ya kumi, nikalazimika kuanza upya. Mara ya pili nilichora alama ya chaki ukutani kwa kila ndoo. Ziliingia ndoo 16 kamili, na ya 17 ikabaki na lita 2. Jumla ni lita 134, tofauti ya lita moja tu na hesabu ya karatasi.

Kwa matangi yasiyo ya mstatili, kanuni hubadilika. La duara lililosimama wima kama pipa, zungusha uzi kupata mzingo, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo, toa unene wa kioo mara mbili, kisha zidisha nusu kipenyo kwa nusu kipenyo, kwa 3.14, kwa kimo cha maji. La pembe sita zilizo sawa, zidisha ubavu mmoja wa ndani kwa wenyewe, kwa 2.6, kwa kimo cha maji. Zote mbili zigawanye kwa 1,000 kama mwanzo upate lita. Lenye kioo cha mbele kilichobinuka, au bakuli la mviringo, usijisumbue, tumia ndoo.

Angalia pia kipimo cha chupa ya dawa. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546, na chupa nyingine huandika galoni bila kusema ni ipi. Na kama kichujio chako kiko nje ya tangi, maji yaliyomo ndani yake nayo yahesabiwe. Kwa hita au nguvu ya kichujio, kukosea lita kumi hakudhuru sana. Kwa dawa kunadhuru. Kwa meza inayobeba tangi, afadhali ukadirie uzito zaidi kuliko pungufu: maji, kioo, changarawe na mawe yangu kwa pamoja yanapita kilo 200.

Kipimo ninachokitumia kila wiki kimetokana na hesabu hiyohiyo. Urefu wa ndani mara upana wa ndani unanipa lita 3.84 kwa kila sentimita moja ya kimo, mradi hakuna jiwe linalofika juu hapo. Nikitaka kubadilisha robo ya maji, yaani lita 33.5, nashusha maji kwa sentimita 8.7, na mahali hapo nimebandika kipande cha selotepu pembeni mwa kioo. Maji yakishuka yenyewe kwa mvuke, huko si kubadilisha maji, kwa kuwa chumvi na dawa hubaki tangini kwa wingi uleule. Hujaza kwanza hadi mstari wa juu, ndipo nipime dawa.

Namba 134 nimeiandika kwenye karatasi nyuma ya tangi. Mwezi uliopita niliongeza gogo lililokwisha kuloweka maji, nikalazimika kuteka lita 3 ili kimo kirudi kwenye mstari, basi nikaikata 134 na kuandika 131.