Msiishie 97

Wadogo zangu mlio kwenye mazoezi ya kufundisha hapa Kisumu, jana nimepitia karatasi mlizosahihisha. 10,403 mmeiita tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ni 101 × 103. Kila muhula ni yale yale, na mwanzo wake naujua vizuri mno.

1. Jumlisheni tarakimu kwanza. Ndio ukaguzi wa kugawanyika kwa 3 na 9.

2. Mnaogawa, msikome kabla ya kipeuo cha pili cha nambari, yaani ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huitoa. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliuliza kama 1,000,001 ni tasa. Usiku nikagawa kwa nambari tasa zote 25 zilizo chini ya 100. Kwa 97 ikabaki 28. Nilikuwa nimechoka, nikafunga daftari na kuandika kwenye mwongozo wa kusahihisha: tasa. Kipeuo chenyewe ni 1,000 na ushei, na chini ya 1,000 kuna tasa 168!

Binti mmoja wa kidato cha pili akaandika mistari miwili: hii ni 100³ + 1, basi inagawanyika kwa 100 + 1, ni 101 × 9,901. Nikamkata kwa wino mwekundu. Akaja mezani ameshika karatasi kwa mikono miwili: "Mwalimu, naomba uzidishe tu." Nikamwambia akaketi. Alama zile mbili ndizo zilizomwacha nje ya timu ya kwenda Nakuru. Nilikuja kuzidisha basi likiwa limeshaondoka: 990,100 ongeza 9,901. Tasa inayofuata 97 ni 101. Nilikuwa nimebakiza hatua moja. Nilimwomba radhi mbele ya darasa zima. Akasema, "Ni sawa, Mwalimu," macho chini. Hadi leo naona vile vidole vyake kwenye kingo za karatasi.

3. Kabla ya kugawa, tazameni umbo la nambari, kama alivyofanya yule binti. Mwanahisabati Fermat aliamini 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni tasa. Mwaka 1732 mwenzake Euler akaonyesha inagawanyika kwa 641. Kila kigawo tasa cha nambari hii kikigawanywa kwa 64 huacha baki 1, kwa hiyo mnajaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641. Mara tano tu, jamani.

4. Jibu likitofautiana na mwongozo, zidisheni mtoto akiwa bado amesimama hapo. Yule mliyemkata kwa 10,403 anakaa dawati la mwisho, karibu na dirisha. Mrudishieni alama yake kesho kabla ya paredi.