Usisaini fomu ya uthamini yenye mapengo, wakili atahangaika kuyaziba baadaye

Mkuu, kesho usisaini. Umesema barabara inapita kwako, wathamini wa fidia wanafika kesho, mtendaji kakwambia saini tu usicheleweshe malipo, halafu unauliza wakili umlipe kwa asilimia au kwa mkupuo. Shida yako ya leo ni hiyo fomu.

Nami niliambiwa hivyohivyo, "saini, marekebisho yapo mbele", na duka langu halikuandikwa. Mbele marekebisho hayakuja! Wakili anaweza kubishania bei ya ekari, viwango vya mazao, hata riba. Kisichokuwemo kwenye fomu yenye saini yako atakidai kwa lipi? Upande wa pili wanaonyesha saini tu, basi. Wanaokuharakisha hawana hata mgomba mmoja kwenye huo mradi, na hawa ndio wanaoniudhi kuliko wote.

Piga hesabu mwenyewe. Kanuni za fidia ya ardhi za Tanzania za 2001 haziishii kwenye ardhi, nyumba na mazao. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya mwezi mara 36, kwa hiyo nyumba ya kupangishwa 150,000 ni 5,400,000. Upotevu wa faida nao ni faida halisi ya mwezi mara 36. Kiduka kinachokubakizia 400,000 kwa mwezi ni 14,400,000. Pale penye biashara wakipiga kistari ukasaini, milioni 14 na laki 4 zimekwenda. Bado usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na posho ya usumbufu, ambayo ni thamani ya ardhi mara wastani wa riba ya amana za muda maalumu benki. Eneo lisilokaliwa halipati makazi wala usafiri, kwa hiyo kama kuna mtu analala kwenye kile kibanda cha nyuma, aandikwe.

Leo usiku toa leseni, makadirio ya kodi ya TRA na daftari la mauzo. Pima nyumba kwa futi kabla hawajafika. Miti hesabu pamoja na wathamini, mmoja mmoja, na iandikwe "miembe 6 inayozaa", maana mche na mti unaozaa havina bei moja. Choo, kisima, uzio, makaburi, vyote viingie. Ukipigwa picha umeshika kibao cha namba, rudi nyuma mpaka nyumba nzima ionekane; picha ya kifua chako na kipande cha ukuta haithibitishi kitu. Fomu ikishajazwa, piga picha kurasa zote kabla ya saini. Wakikataa kuongeza kitu, andika kwa mkono kando ya saini: "Sikubali, duka halijaorodheshwa", na tarehe.

Ndiyo maana nasema wakili anatakiwa siku ya uthamini. Ukimwita siku ya hundi anakuta mambo yameisha. Kama hapatikani kesho, mpigie asomewe fomu kwenye simu.

Halafu hukusema ile alama ya X waliyokuchorea ukutani ni rangi gani. Nyekundu wanakuhesabu umevamia hifadhi ya barabara, hakuna fidia, na hiyo ni vita nyingine. Ya kijani ndiyo ya kulipwa, yaani zile mita 7.5 zilizoongezwa na Sheria ya Barabara ya 2007, kutoka mita 22.5 mpaka 30 kila upande toka katikati ya barabara.

Weka hapa picha ya fomu, funika jina, kabla hujashika kalamu. Niko macho.