Kabla hujawaleta wanao huku, mdogo wangu

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na wifi naye alinipigia juzi usiku baada ya watoto kulala. Kwa hiyo jibu hili ni lenu wote wawili, lisomeni pamoja.

Nimeelewa hivi. Kampuni inataka kukutoa ofisi ya Dar na kukuleta London kwa pauni 62,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza wanakutaka ofisini siku zote tano. Wifi aache kazi benki. Watoto waje wote, wa miaka 9, wa 6 na huyo mdogo wa miwili. Nyumba mpange huku mji wa Reading, karibu na mimi, kwa sababu London bei haishikiki, na umesoma kwamba treni ya haraka ni dakika 25 tu hadi stesheni ya Paddington, London. Umeniomba nisikufiche kitu. Sitakuficha.

Nianze na hizo dakika 25, maana ndizo zilizotuingiza sisi. Mwaka 2018 tulikuwa tunakaa Barking, mashariki ya London, ghorofa ya vyumba viwili, watoto wawili chumba kimoja. Dalali wa Reading akatuonyesha nyumba ya vyumba vitatu yenye uwanja nyuma, kwa kodi ile ile. Akasema, "Dakika 25 mpo London." Hakudanganya. Reading hadi Paddington ni kama kilomita 58, karibu sawa na kutoka Posta mpaka Mlandizi, na treni ya haraka inazimaliza ndani ya nusu saa. Lakini mimi siishi stesheni, na kazi yangu haiko Paddington. Kutoka mlangoni kwangu hadi kituo cha basi, basi hadi stesheni, kusubiri, treni, kushuka, kuvuka jiji zima hadi mashariki, kutembea: saa moja na dakika arobaini kwenda, na hizo hizo kurudi, siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Tangu 2022 ipo njia ya treni ya Elizabeth line inayotoka Reading moja kwa moja hadi katikati ya jiji na Canary Wharf, eneo la maofisi mashariki ya London. Imetusaidia sana wa upande huu, ila inasimama karibu kila kituo, na kufika mjini peke yake ni kama saa nzima.

Utaniambia foleni mnaijua, unatoka Mbezi mpaka Posta kila siku na ulishawahi kukaa Ubungo saa mbili. Najua. Nimekulia humo humo. Lakini fikiria ukichelewa Mbezi kinatokea nini. Mama yupo. Dada wa kazi yupo. Jirani akiona giza limeingia na watoto wako wako nje, anawaita ndani kwake na kuwapa chai. Wewe unafika saa tatu, unakuta wameoga, wamekula, yule mdogo amelala mgongoni kwa bibi yake. Uchelewaji wako wewe hauwafikii wao. Huku unawafikia.

Nikupe siku moja tu. Desemba 2019, Jumanne. Wakati huo nilikuwa muuguzi kliniki ya wagonjwa wa nje, natoka kazini saa kumi na robo. Huyu wangu wa mwisho alikuwa na miaka miwili, umri wa huyo wako. Kituo cha kulelea watoto kinafungwa saa kumi na mbili na nusu. Shemeji yako alikuwa zamu ya jioni ghalani, simu hawaruhusiwi kuingia nazo. Nikasimama chini ya ubao wa safari na watu mamia, treni yangu ikaandikwa imechelewa dakika 10, kisha 25, kisha ikafutwa. Iliyofuata ilijaa hadi milango ikashindwa kufunga. Nilipiga simu kituoni mara nne. Nilifika saa moja na dakika ishirini usiku. Taa zote zilikuwa zimezimwa isipokuwa ya ukumbini. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye benchi ndogo ya kuvulia viatu, koti limefungwa vifungo vyote hadi kidevuni, kofia kichwani, begi lake magotini. Pembeni yake amekaa mfanyakazi mmoja na funguo mkononi, naye koti amelivaa. Mtoto hakulia. Aliponiona alishuka kwenye benchi, akanishika kidole, akaelekea mlangoni. Faini ilikuwa pauni 5 kwa kila dakika tano, nikalipa 50. Pesa niliisahau mwezi uliofuata. Lile koti lililofungwa vifungo vyote sijalisahau mpaka leo.

Na hiyo haikuwa mara moja. Majira ya baridi jua linazama kabla ya saa kumi kamili jioni, unatoka giza na kurudi giza, kwa hiyo watoto unawaona mchana Jumamosi na Jumapili tu. Kuna miezi mimi na shemeji yako tulikuwa tunaachiana karatasi kwenye friji: "Maziwa yameisha." "Ana homa kidogo, mpe dawa saa mbili." Ndoa ya karatasi za friji, wifi, uchovu wake ni wa aina yake. Tumevuka, Mungu ni mwema, ila ninawajua waliokwama hapo hapo.

Sasa pesa. Pauni 62,000 ukizigeuza shilingi ni zaidi ya milioni 200, na najua mama ameshaisikia hiyo hesabu. Igeuze upande wa huku. Baada ya kodi, bima ya taifa na makato ya pensheni utashika mkononi kama 3,750 kwa mwezi. Kwa bei ninazoziona mimi hapa Reading, nyumba ya vyumba vitatu ni kama 1,750. Kodi ya halmashauri, ambayo analipa mpangaji na siyo mwenye nyumba, 190. Umeme, gesi na maji 230. Chakula cha watu watano, ukipika mwenyewe kila siku, 750. Tiketi ya treni ya mwaka ukiigawa kwa miezi, karibu 500. Simu na intaneti 80. Jumla 3,500. Imebaki 250, na hapo hujanunua viatu vya mtoto anayekua, hujamtumia mama hata senti, hujaweka akiba ya tiketi tano za ndege siku ukipigiwa simu ya msiba.

Ongeza mtoto mdogo. Wifi akitaka kufanya kazi, na viza ya mwenza inamruhusu, huyo wa miaka miwili atahitaji pa kukaa. Kutwa nzima, siku tano, ni pauni 1,300 na kuendelea. Watoto wote wa England wanapata saa 15 za bure kwa wiki wakishatimiza miaka mitatu, kuanzia muhula unaofuata, na wenu atazipata. Zile saa nyingi zaidi ambazo wazazi wanaofanya kazi wanazisifia mtandaoni msizihesabu, maana viza zenu zitaandikwa hamruhusiwi kutegemea fedha za umma. Posho ya watoto nayo ni hivyo hivyo.

Wifi, hapa naongea na wewe. Umekaa benki miaka tisa, una watu chini yako, una mshahara wako, una kikoba chako. Huku vyeti vyako watavisoma na kusema asante. Wengi wetu tulianzia kwenye nyumba za wazee au ghalani, na sioni aibu kwa hilo, kazi ni kazi. Lakini utaianza ukiwa na miaka 38, mtoto mdogo, mume anayetoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku, na hakuna mama wala dada wa kazi. Mzigo wote wa saa anazozipoteza yeye njiani utaubeba wewe. Shule inafungwa saa tisa na robo. Atakayekuwa getini ni wewe. Na mkija katikati ya mwaka, halmashauri inawapa nafasi palipo na nafasi. Inawezekana kabisa wa miaka 9 akapangiwa shule moja na wa 6 nyingine, na kengele zote mbili zinalia wakati mmoja. Rafiki yangu Mkenya alikimbia kati ya shule mbili kwa mwaka mzima na kigari cha mtoto, mvua na jua.

Usifikiri nawafungia mlango. Mwanangu wa pili ana pumu, na tangu azaliwe sijawahi kukaa dirishani mwa hospitali nikiulizwa pesa kwanza. Shule ni bure. Maktaba iko umbali wa kutembea na wanangu wanarudi na vitabu kumi kumi. Nikiulizwa kama najuta kuja Uingereza, sijuti. Ninachojutia ni kuondoka Barking. Tulinunua chumba kimoja cha ziada na uwanja wa nyasi kwa kulipa saa tatu na zaidi kila siku kwa miaka mitano, na uwanja wenyewe tulikuwa tunaukalia Jumapili. Wale watoto waliolala wawili chumba kimoja walikuwa wananiona saa kumi na moja na nusu jioni. Mwaka juzi nikaacha kazi ya London, pamoja na ile nyongeza ya mshahara wanayotupa wauguzi wa jijini, nikapata hospitali ya huku. Nalipwa pungufu. Nakula chakula cha jioni na wanangu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na wewe ni mtu mzima utaamua. Siku tano ofisini na mtoto wa miaka miwili nyumbani, ukikaa Reading, kataa. Sisemi uikatae kazi, katalia hilo sharti. Waambie siku mbili, ikishindikana sana tatu, kuanzia mwezi wa kwanza, na liandikwe kwenye mkataba, maana ahadi ya bosi inaondoka na bosi. Wakikubali, njooni. Wakigoma na bado unaitaka kazi, basi kaeni London kwenyewe, nyumba ndogo, Barking au Abbey Wood, watoto wabanane. Kubanana hakumuumizi mtoto.

Jambo la pili ni tozo ya afya, ile anayolipa mwenye viza ili atibiwe hospitali za serikali. Sasa hivi ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, na inalipwa yote mbele kabla viza haijatoka. Kwa familia yenu na viza ya miaka mitatu ni pauni 13,194, bado ada za viza zenyewe. Wakisema "tutakulipia," uliza kama ni ya kwako peke yako au ya wote watano. Kisha tafuta kifungu cha kurudisha gharama: ukiacha kazi kabla ya miaka fulani, unadaiwa kiasi gani? Nimeona mtu ameshindwa kuhama kazi iliyokuwa inamtesa kwa sababu ya kifungu hicho tu. Na kazi ikiisha kabla ya wakati, kwa kawaida una siku 60 kupata mwajiri mwingine wa kukudhamini au kuondoka, wewe na watoto waliokwisha zoea shule. Ukaazi wa kudumu tulikuwa tunaupata baada ya miaka 5, lakini serikali imetangaza inataka uwe 10. Usipige hesabu za miaka 5.

Ile nyumba ya Goba msiuze. Mama nitaongea naye mimi.

Umesema wanakuleta wiki moja mwezi wa pili uione ofisi. Waombe tiketi ya wifi pia, na wakikataa niambieni mapema tuchange. Msikae hotelini, chumba cha nyuma kipo. Jumatatu nitakuamsha saa kumi na moja alfajiri, tutembee hadi basi, basi hadi stesheni, uende kama utakavyokuwa unaenda na urudi kama utakavyokuwa unarudi. Wifi atabaki na mimi, saa tisa tutakwenda kusimama getini shuleni. Usiku ukifika nyumbani tutakuwa tumekuwekea chakula, na hapo ndipo mtaongea.